Ukoo wa Kilima cha Mangala

Alhamisi, Oktoba 3, 1895

Daftari hili liliingia maji kwenye mtumbwi. Bwana Kipimo, mzungu wetu, akaona halifai tena kwa kazi ya serikali, akanitupia. Kwangu linafaa. Kurasa zimejikunja lakini wino unashika. Basi naanza, kwa jina la Yule anayeona hata tusichokiandika: mimi Zuberi bin Abedi, katibu wa posta, yaani kituo cha serikali, hapa Kindu, mwenye goti bovu na mwandiko mzuri kuliko wote walioko kati ya hapa na Kasongo. Anayebisha na alete wake tuulinganishe.

Mvua zimeanza juzi. Posta ilijengwa bondeni, karibu mno na mto. Tuliwaambia, hawakusikia. Sasa sakafu ya ghala ni tope tupu na Bwana Kipimo anatafuta pa kuhamia. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila kamba yake ya kupimia. Hata mlango wa msikiti wetu aliupima, sijui kwa nini.

Leo ameniita. Amekiona kilima cha Mangala, kwenye njia ya Pangi, nusu siku kwa miguu. Juu yake kuna magofu ya ngome ya wafalme wa kale, na hapo ndipo anapotaka kujenga posta mpya. Lakini sheria ya Bula Matari, serikali hii ya wazungu, yasema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na ardhi yenye mwenyewe, mwenyewe aitwe. Kwa hiyo niende, niandike ukoo wa wafalme wote wa Mangala, na mwisho wa orodha niseme kama mrithi yupo au hayupo. "Yupo, hayupo. Basi," alisema.

Nikasema ndiyo, bwana. Sikumwambia kwamba kilima hicho nakijua.

Ijumaa, Oktoba 4

Mvua toka alfajiri. Msikitini tulikuwa watu sita na mbuzi mmoja aliyekimbia mvua.

Jumatatu, Oktoba 7

Nimefika Mangala. Njia ni utelezi, nimeanguka mara mbili, na mara ya pili niliangukia siafu. Nilivua kanzu njiani kama mwendawazimu. Bahati hakukuwa na mtu.

Ngome yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ni msitu tu. Ukikaribia ndipo unaona kwamba msitu umepangwa. Mahandaki matatu yanazunguka kilima, moja ndani ya jingine, na kila handaki lina ukuta wa udongo nyuma yake, mrefu kuliko mtu hata sasa baada ya mvua zote hizo. Juu ya kuta wazee walisimamisha magogo mabichi yawe boma. Magogo yakashika mizizi, na leo ni miti mikubwa iliyosimama bega kwa bega. Lango ni mawe mawili yaliyosimama, na kizingiti kimelika katikati kwa nyayo. Nilisimama pale nikafikiri ni nyayo ngapi za kulila jiwe hivyo.

Ndani, kwenye duara la mwisho, kuna makaburi tisa ya wafalme. Hayana jiwe wala maandishi. Kila kaburi limepandwa mti ule ambao maganda yake hupondwa yakawa nguo. Mti wa kwanza ni mnene kama kibanda. Wa tisa bado mwembamba.

Mlinzi wa pale anaitwa Kikuni, mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Kazi yake ni kufagia makaburi na kutega panya buku. Nilipomweleza nilichojia alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, miaka yote hii hakuna muntu aliuliza. Leo Bula Matari anataka kujua bafalme yetu? Anataka kuoa kwetu?"

"Anataka kujua kama kilima kina mwenyewe."

Akaacha kucheka. "Kiko na mwenyewe," akasema. Kisha mvua ikatufukuza.

Jumatano, Oktoba 9

Mimi nikinakili husoma kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa. Leo baada ya alasiri nimekaa barazani nikisoma majina mawili ya kwanza aliyonitajia Kikuni: Kamulete, aliyechimba handaki la kwanza, na Mukonga. Mke wangu Riziki alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Niliposema "Mangala" mchi ulinyamaza, nikadhani amepumzika. Binti yetu Mwanvua akaja kuniuliza kama wafalme walivaa viatu. Nikamwambia awaulize makaburini.

Jumapili, Oktoba 13

Mangala tena. Kikuni amenipa majina yote tisa, akiyasema haraka kama mtu anayeogopa kuyamwaga njiani. Baada ya Kamulete ni Mukonga, baada ya Mukonga ni Mwenda, na kuendelea, hadi Kalonda, Mukamba, na wa mwisho Lubunga. Kila alipotaja jina niliuliza, "Na baada yake?" akajibu, nikaandika. Kazi nyepesi. Mukonga bin Kamulete, Mwenda bin Mukonga, hadi Lubunga bin Mukamba.

Nikauliza kama Lubunga aliacha watoto wa kiume. Akasema walikuwa wanne, wote walikufa siku ngome ilipoungua.

"Hata mmoja hakubaki?"

"Hata mumoja. Lakini Mwalimu, hiyo si kitu."

Nilidhani anajifariji. Nikamwambia pole, nikafunga wino.

Alhamisi, Oktoba 17

Mvua. Goti. Riziki hasemi sana siku hizi. Nikimuuliza ananijibu "nimechoka tu", na kwa kweli sijui kama nauliza kwa kutaka kujua au kwa kutaka anikande goti.

Jumapili, Oktoba 20

Leo Bwana Kipimo mwenyewe amekwenda kutembelea magofu, mimi nyuma yake na askari wanne. Alipima mahandaki yote matatu. Akapima mawe ya lango, akaweka kidole kwenye kizingiti kilicholika, akatabasamu. Nikaona leo amefurahi kama mtu aliyefika kwao. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika:

"Kwetu iko nyumba kama hii. Nyumba ya wafalme, zamani sana. Mawe tupu. Paa hakuna, kunguru tu. Siku ya Mungu watu wanakwenda kutazama, wanakula mkate pale. Mtu akichukua jiwe moja, anafungwa."

"Na hii, bwana?"

Akautazama ukuta, akaupiga teke kidogo. Bonge likaanguka.

"Hii udongo."

Kisha akauliza, "Nani alivunja?"

Nikajibu, "Mvua, bwana."

Kikuni alikuwa karibu, alisikia. Alinitazama, akageuka akaendelea kufagia.

Nataka niandike hapa kile nilichokimeza pale. Daftari hili halisomwi na mtu. Haikuwa mvua. Ilikuwa mwaka wa 1874, nami ni kijana mwenye ndevu tatu, katika msafara wa Bwana Sumaili, tajiri wetu wa Kasongo, Mungu amrehemu akiweza. Tulikuwa na bunduki sitini na tulitaka pembe na watu. Mahandaki yalitushinda siku mbili. Siku ya tatu Bwana Sumaili akaniita, maana alijua marehemu mama yangu alikuwa mtu wa huku na lugha yao ninaisema kama mwenyeji. Akanisimamisha ukingoni, upande wa mto, akaniambia waite. Nikawaita. Nikasema tokeni, hakuna atakayewagusa. Wakatoka wanawake na watoto, wakitangulia, na lango likiwa wazi watu wetu wakaingia.

Najua tulichofanya baada ya hapo. Sitakiandika. Nimeishi miaka ishirini na moja nikijiambia kwamba mimi nilisema maneno tu.

Alhamisi, Oktoba 24

Nimemaliza nakala safi, karatasi mbili, bila doa. Mstari wa mwisho: "Lubunga bin Mukamba alikufa, na wanawe wote wanne wamekufa. Ukoo umekatika. Mrithi hayupo." Niliusoma kwa sauti mara mbili, ili nisikie kama una kasoro. Riziki alipita na ndoo, akasimama.

"Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo ilivyo."

Akaenda na ndoo yake. Jioni nimempa Bwana Kipimo karatasi. Amesifu mwandiko.

Jumanne, Oktoba 29

Leo wameleta posta chifu wa kilima cha jirani, yule aliyepewa nishani mwaka jana. Watu wake hawakutimiza vikapu vya utomvu wa mpira ambavyo serikali inadai. Nishani bado iko shingoni, na mnyororo umepita juu yake.

Ijumaa, Novemba 1

Mvua. Chifu amefungwa chini ya mchirizi wa paa la ghala. Nimesogea kumsalimu, askari akanifukuza.

Jumatano, Novemba 6

Bwana Kipimo amenituma nikamwambie Kikuni ahame. Miti itaanza kukatwa Novemba 25, mvua inyeshe isinyeshe.

Nilimkuta anachuna buku. Nikamwambia kwa upole nilioweza. Hakukasirika kwanza. Aliuliza tu nani amesema kilima hakina mwenyewe. Nikatoa nakala yangu, nikamsomea, nikitaka aone kwamba sikuongeza wala kupunguza. Nilipofika "Mwenda bin Mukonga" akaweka kisu chini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mwenda ni mutoto ya Mukonga?"

"Si ulisema alimfuata?"

"Kumufuata, ndiyo! Mukonga alikuwa mujomba yake!" Akasimama, na sauti yake sasa nadhani ilifika Kindu. "Mwalimu, umeandika bafalme yetu kama jogoo, kila jogoo na kifaranga yake! Hapa mufalme hawezi kuzala mufalme. Dada yake njo anazala mufalme. Watoto ya mufalme ni watu tu, wanalima kama mimi. Nilikuambia wale wane si kitu. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni majonzi. Mama yangu mwenyewe aliniambia nikiwa mdogo kwamba kwao mtu huhesabiwa kwa mama, na Kasongo nikafundishwa kusema jina langu na la baba yangu na kunyamaza hapo. Karatasi mbili bila doa, na ndani yake hakuna mstari hata mmoja wa kweli.

"Lubunga alikuwa na dada?" nikauliza.

"Nyangi. Siku ile alitoka na binti yake mudogo, meno ya mbele yameng'oka. Nyangi alikufa njiani, tulipata mwili. Mutoto walikwenda naye. Kama ule binti iko muzima, ukoo iko muzima. Kama amezala binti, vizuri zaidi."

Nimerudi kwa mvua, goti limevimba kama boga. Kesho nitamsimulia Riziki kosa langu. Angalau atacheka.

Alhamisi, Novemba 7

Hakucheka.

Naandika mara tu baada ya kusali, na mwandiko huu ningemwonea haya mtu mwingine. Nilimkuta uani anachambua majani ya sombe, Mwanvua amekwenda mtoni. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kwa mzaha, jinsi Kikuni alivyonifananisha na mwenye banda la kuku. Nikamweleza habari ya wajomba na wapwa. Nikafika kwa Nyangi na mtoto wa mapengo.

Akaendelea kuchambua. Jani, jani, jani. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Nyangi njo mama yangu."

Nilimjua Riziki tangu akilelewa nyumbani kwa Bibi Halima, mke wa Bwana Sumaili, huko Kasongo. Nilijua aliletwa mdogo. Nani pale hakuletwa mdogo? Nilimwoa kwa nikaha, mashahidi wawili, nikajiona mwema kwa sababu sikumweka suria. Miaka kumi na mitano tunakula sahani moja. Nikamwuliza mbona hakuniambia kamwe.

"Uliniuliza siku gani, Baba Mwanvua?"

Nilitafuta hiyo siku. Sikuipata.

Hapo nikaona kwamba na mimi lazima niseme. Nikamwambia, Mama Mwanvua, siku ile Mangala mimi nilikuwapo, na kuna jambo nililifanya. Akainua mkono wenye majani kunizuia.

"Najua. Ulisimama upande wa mto. Ulisema kwa lugha yetu, tokeni, hakuna atakayewagusa. Mama alisema, huyu anasema kama mutu ya kwetu, mama yake ni wa huku, hawezi kutudanganya. Akanishika mkono, tukatoka."

Mvua ilikuwa imeanza tena na hakuna kati yetu aliyeinuka kwenda barazani.

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu ulipokuja kuniposa. Ulikuwa nje unazungumza na Bibi Halima, mimi ndani napepeta muchele. Nikasikia ile sauti. Nilimwaga muchele wote. Bibi alinipiga."

"Na ukakubali kuolewa na mimi?"

Sasa alinitazama. "Nani aliniuliza?"

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata kovu sikuliona, na nililala nalo. Niliwahi kujisifu kwa marafiki kwamba nina mke mpole, hagombi, hadai. Nilidhani ule ukimya ni adabu. Nimelia, naandika bila haya, nimelia mbele yake kama mtoto, naye akachukua ungo wake akaingia jikoni maana moto ulikuwa unazimika.

Ijumaa, Novemba 8

Nimesali. Sijui kama imepokewa.

Jumamosi, Novemba 9

Amenipakulia chakula kama kawaida. Hilo linaniumiza kuliko kama angenimwagia.

Jumapili, Novemba 10

Mto umepanda hadi ngazi ya posta. Nimefikiri siku nzima. Kosa ni langu na wino ni wangu. Nitakwenda kwa Bwana Kipimo, nitasema nimekosea, nitaandika upya: mrithi yupo. Ataniuliza huyo mwanamke alifikaje Kindu, nami nitasema alifikaje. Wazungu hawa wanajinadi wamekuja kukomesha utumwa, basi wanifunge mimi kwanza. Nimepata amani kidogo kwa wazo hili. Nimemwita Kikuni aje kesho awe shahidi.

Jumatatu, Novemba 11

Kikuni alikuja asubuhi na buku wawili waliokaushwa kama zawadi. Riziki alitoka jikoni na masizi mikononi. Alimtazama Kikuni, akamsemesha kwa lugha ya kwao, lugha ambayo sijapata kumsikia akiisema katika miaka yote hii, akamtajia jina la mama yake na la mama wa mama yake, na la mama wa huyo. Majina saba, yote ya wanawake. Hata moja halikuwa kwenye orodha yangu.

Kikuni akashuka magoti hapo kwenye tope la uani, akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa. Mwanvua alisimama mlangoni mdomo wazi. Riziki akamwambia binti yake, "Njoo usimame hapa." Akasimama kando ya mama yake, naye Kikuni akapiga makofi tena. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, jana tu nilimkaripia kwa kuvunja kata.

Nikaleta meza na karatasi. Kikuni alikuwa wa kwanza kusema.

"Andika jina yake, Mwalimu. Andika leo. Kilima kitabaki."

"Naandika," nikasema, "na nitasema yote."

Riziki akanawa mikono, akakaa. "Ule chifu mwenye nishani, bado amefungwa?"

"Bado."

"Ile nishani alipewa na nani?"

"Na Bwana Kipimo."

"Na jina yake katika karatasi, nani aliandika?"

Niliandika mimi, mwaka jana, nikaweka na nakshi kwenye herufi ya kwanza.

"Basi sikilizeni wote wawili," akasema. "Ukiniandika mimi, watasema vizuri, mwenye kilima huyu hapa, alete vikapu vya mpira, alete watu wa kubeba. Nikishindwa wataniweka pale chini ya paa. Nikifa watauliza nani anafuata, nawe utawaandikia Mwanvua, kwa mwandiko muzuri. Baba Mwanvua, wewe uliniita nitoke mara moja. Usiniite tena."

"Sitaki kukuita. Nataka kurekebisha."

"Unataka roho yako ipoe. Siyo kitu kimoja."

Kikuni alianza kulia. Akauliza, na makaburi? Tisa! Miti itakatwa, wafalme watachimbwa, Bula Matari ataweka choo chake juu ya Kamulete.

Riziki alingoja amalize. Akasema wafalme wa Mangala walikuja kutoka mahali pengine na watakwenda mahali pengine. Handaki ni udongo, mzungu amesema kweli bila kujua. Kilicho cha wafalme ni miti yao. Mti wa nguo, ukikatwa tawi likachomekwa kwenye tope la mvua, hushika. Yakatwe matawi tisa kabla ya tarehe ile, yachukuliwe, yapandwe panapofaa. Kikuni aachie kilima. "Na karatasi ya Mwalimu ibaki kama ilivyo. Amesema ukoo umekatika. Vizuri. Kwa Bula Matari, umekatika."

Kikuni akafuta uso, akapiga makofi mara moja. Hakubisha. Nikaelewa kwamba nimeshuhudia amri ikitolewa uani kwangu, kati ya kinu na banda la kuku, na kwamba wala si mimi niliyekuwa naamriwa. Mimi nilikuwa mtu aliyeazima meza.

Ijumaa, Novemba 15

Chifu mwenye nishani amekufa. Bwana Kipimo ameagiza nishani isafishwe, iwekwe kwenye sanduku.

Jumanne, Novemba 19

Kabla ya mapambazuko hakukuwa na mvua, ndipo walipotaka. Riziki na Mwanvua wamekwenda Mangala. Nikasema nitawasindikiza na kubeba. Riziki akasema, "Baki. Goti lako." Sote wawili tulijua si habari ya goti.

Nimewaona tena jioni, nikiwa bado kazini, wakishuka mtoni kupanda mitumbwi ya Wagenya, wavuvi wa huku. Kikuni alibeba matawi sita, Riziki mawili, na Mwanvua moja, lile la Lubunga, yamefungwa tope na majani ya migomba kwenye ncha. Watu wa posta wakadhani ni wapanda mihogo. Mwanvua aliniona akainua mkono, kisha akakumbuka, akaushusha. Sikujua wamekwenda upande gani, mto ulikuwa na ukungu.

Jumapili, Novemba 24

Siku ya tano nakula kwa jirani. Nyumba ina mwangwi.

Jumatatu, Novemba 25

Shoka hamsini. Mti wa Kamulete umewachukua toka asubuhi hadi alasiri, na ulipoanguka kilima kilitikisika nasi tukakaa chini bila kutaka. Bwana Kipimo alipita kwenye mashina na kamba yake. Alipofika mti wa tisa akaona jeraha bichi la tawi.

"Nani alikata hii?"

"Wapondaji wa nguo za maganda, bwana. Ni desturi yao."

Akanitazama muda. Nadhani kuna kitu aliona usoni pangu, maana yeye si mjinga, ni mpimaji tu.

"Zuberi. Mrithi hayupo, kweli?"

Miaka ishirini na moja iliyopita, karibu na hapo hapo, nilisema uongo kwa sauti nzuri na watu wakaniamini. Leo sauti ilikuwa mbaya, imekauka, lakini ilitoka.

"Hayupo, bwana. Ukoo umekatika."

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akaendelea kupima.

Jumatano, Novemba 27

Mvua kubwa kuliko zote. Handaki la juu limejaa maji na magogo.

Jumapili, Desemba 1

Riziki amerudi leo asubuhi, peke yake, tope hadi magotini, kucha nyeusi. Nilimpokea mzigo. Nikatazama njia nyuma yake, nikangoja, nikadhani mtoto amechoka anakuja polepole. Njia ilikuwa tupu.

"Mwanvua yuko wapi?"

"Iko kwabo."

Hapa ndipo kwao, nilitaka kusema. Hapa ndipo alipozaliwa, mkeka wake ule pale, kata aliyoivunja nimeshainunua nyingine. Nikauliza jambo dogo zaidi.

"Matawi yameshika?"

"Nane yametoa majani. Moja bado, Kikuni analinda."

"Mama Mwanvua," nikasema, "ni wapi? Sitakwenda. Nataka kujua tu ni upande gani, nikisali nielekeze dua."

Alikuwa ameshaanza kukoka moto. Alipuliza, akafuta moshi machoni, na aliponijibu hakukuwa na hasira yoyote katika sauti yake. Alisema kama mtu anayemweleza mgonjwa kwa nini asipewe chumvi.

"Ukijua, utaandika."

Nilikaa kwenye kigoda. Ugali ulipoiva alipakua, akaweka sahani moja kati yetu, tukala.